Mjane ana eda, mtoto ana nini?

SWALI

Assalaam alaykum Bi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga mjini. Mume wangu alifariki Februari 11 mwaka huu. Alikuwa fundi baiskeli, kibanda chake kiko Ngamiani, na presha alikuwa nayo mwaka wa sita. Asubuhi alitoka mzima, saa sita nikaitwa kwamba ameanguka kibandani, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Usiku wa pili akatutoka.

Nimetoka eda mwezi wa Juni, na sasa ndiyo naona yaliyokuwa yakiendelea nyumbani kwangu wakati mimi nimekaa ndani.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, mpira, na utani na baba yake mpaka usiku. Siku ya maziko hakulia. Aliingia kaburini na ami zake kumpokea baba yake, akatoka na mchanga mpaka kwenye nyusi, akakaa barazani na wanaume siku zote tatu. Siku ya kuanua tanga ami yake mkubwa akamshika bega mbele za watu: "Sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Sitaki kuona machozi." Watu wakasema mashaallah, mtoto kakomaa. Hata mimi nilifarijika, Mungu anisamehe.

Muda wote wa eda yeye ndiye aliyekwenda sokoni, akanunua umeme, akampeleka shule mdogo wake wa miaka 8. Akitoka shule anafungua kibanda. Wateja wamekuja kuniambia hawatengenezewi kitu: anafungua, anakaa kwenye kigoda, anatazama barabara, magharibi anafunga. Kuna ringi ya mteja mmoja ambayo baba yake aliiacha imening'inia, imekosa spoku mbili. Hataki mtu aiguse.

Idi alikataa kanzu mpya. Shule amekuwa mtoro, na akienda analala darasani. Mwezi uliopita alichapwa kwa kuchelewa. Alikuwa anashika nafasi ya tano, sasa ni ya arobaini na kitu, na upimaji wa taifa ni mwisho wa mwaka. Chakula anachokoa tu. Nikimsemesha ananijibu kwa ukali, na siku moja alipiga ngumi mlango mpaka mkono ukavimba.

Kubwa ni usiku. Wiki tatu zilizopita niliamka saa nane nikamsikia marehemu anaongea. Wallahi Bi, nilidhani nimechanganyikiwa. "Ukirudi pitia kwa Mpemba uniletee mkate wa kumimina, na chenji usiile." Kumbe ni simu ya baba yake. Mtoto kaichukua, anasikiliza zile sauti alizokuwa akiturekodia, moja baada ya nyingine, mpaka alfajiri. Laini anaitia vocha isije ikafungwa.

Ami yake anasema ni jini, anataka kumpeleka kwa mtaalamu Pangani. Shangazi yake anasema ni bangi. Nimemnusa, sikunusa kitu. Jirani anasema nimpeleke hospitali, lakini naogopa. Huku kwetu wakisikia habari ya akili wanasema "kapelekwa Lutindi", hospitali ya wagonjwa wa akili, na jina hilo likishakupata halifutiki.

Jumapili iliyopita amempa rafiki yake njumu zake, zile alizonunuliwa na baba yake. Nilipomuuliza akasema, "Za nini tena? Mtapumzika tu." Sikuelewa.

Kuna jambo dogo jingine, sijui hata kama lina maana. Siku moja kabla hajaanguka, marehemu alimtuma mwanangu dawa za presha. Akapitiliza mpirani, aliporudi duka la dawa limefungwa. Marehemu wala hakukasirika, alisema basi kesho, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kuziruka dawa. Hatujalizungumza tangu hapo, nadhani mtoto ameshasahau.

Mimi mbele yake silii. Najikaza. Nimsaidieje?

Mama wa wawili, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Pole kwa kuondokewa na mwenzio.

Nianze na njumu, maana hizo haziwezi kusubiri. Mtoto mpenda mpira anapogawa njumu alizonunuliwa na marehemu baba yake, kisha akasema "mtapumzika tu", mimi sisomi hapo ukarimu. Nasoma mtoto ambaye huenda anawaza kufa. Inawezekana nakosea. Lakini hili halikisiwi, linaulizwa, na wa kuuliza ni wewe, leo hii ukishamaliza kusoma.

Muulize kwa maneno yenyewe, bila kuzunguka: "Mwanangu, kuna wakati unatamani ufe? Umewahi kuwaza kujiua?" Najua mdomo utakuwa mzito. Wazazi wengi wanadhani neno hilo likitamkwa ndiyo litamtia mtoto wazo. Halimtii. Waliolichunguza jambo hili wanakubaliana kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua, na mara nyingi humpa nafuu, kwa sababu kile alichokuwa amekibeba peke yake kimepata mtu wa pili wa kukijua. Shirika la Afya Duniani linataja kujiua miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Mwanao ndiyo kwanza anaingia humo.

Akikuambia ndiyo, usipige kelele. Usimwapishe, usimtajie moto, usimwambie "na mimi utaniacha na nani", maana huo ni mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza. Mwambie "ahsante kwa kuniambia", kisha usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, mwende hospitali. Mnayo Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na milango ya dharura haisubiri Jumatatu. Akisema hapana, mwamini, lakini hospitali mtakwenda vilevile ndani ya wiki hii. Na kwa vyovyote atakavyojibu, vidonge vya marehemu vilivyobaki, sumu ya panya, dawa za shamba, vyote vitoke ndani ya nyumba leo, bila kumtangazia.

Kuna pia namba 116, ya kitaifa ya huduma kwa mtoto, ni bure. Piga wewe, au mwandikie kwenye karatasi aiweke mfukoni. Watoto wengine humwambia mtu wasiyemjua kile wasichoweza kumwambia mama.

Sasa turudi nyuma, kwenye baraza siku ya kuanua tanga.

Wewe ulipofiwa, dini ilikupa miezi minne na siku kumi. Watu walijua uko wapi, umevaa nini, kwa nini huonekani sokoni. Hakuna aliyekuuliza mbona hucheki. Nimewasikia wanawake wakiilalamikia eda, na mengine wana haki, lakini ina jambo moja kubwa: inawaambia watu kwamba huyu ana msiba, mwacheni. Mwanao alipewa siku tatu na sentensi moja. Wewe ulikaa ndani unalia na wageni wanakuletea uji. Mtoto wako alikuwa foleni ya umeme. Hilo si kosa lako, ulikuwa kwenye eda, na ami yake nadhani alitaka kumpa moyo. Lakini mtoto wa miaka 15 aliisikia vingine: baba amekufa, na mimi sina ruhusa ya kuwa mtoto wake.

Nilikuwa mwalimu wa malezi shule ya bweni kwa miaka 19. Wanafunzi waliofiwa wakalia mpaka kamasi, nilikuwa sina wasiwasi nao sana. Nilikuwa na msichana mmoja aliyefiwa na mama yake likizo ya Juni. Alirudi ametulia, akawa anafua sare yake kila usiku, hata isiyochafuka. Tukamsifu kwa usafi. Ilichukua mwezi mzima mpishi, siyo mimi mwalimu, kumuuliza unafua nini, ndipo akakaa chini kwenye maji ya sabuni. Sare ile mama yake ndiye aliyeishona. Tangu hapo nikisikia watu wanasema "mtoto kakomaa" msibani, nachukua kiti nakwenda kukaa karibu naye.

Kwa hiyo la kwanza baada ya usalama wake: sentensi ile iondolewe. Na iondolewe na aliyeiweka. Mwite shemeji yako, mkaribishe chai, mwambie mtoto amelemewa, na unamwomba amshike lile bega tena amwambie, "Nilikosea. Mtu mzima wa nyumba hii ni mama yako, na mimi nipo. Wewe soma, cheza mpira, na kulia ulie." Akikataa kwa kuwa wanaume hawalii, mkumbushe kwamba Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipofariki, na maswahaba walipostaajabu akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Sijui ami gani wa Tanga atajiona mwanamume zaidi ya hapo.

Na wewe acha kujikaza mbele yake. Ulidhani unamkinga. Yeye anaona mama hamlilii baba, basi labda kulia ni haramu humu ndani, au labda ni mimi tu ninayemkumbuka. Hukutaka hilo. Si lazima ujigaragaze. Inatosha siku moja unamenya vitunguu ukamwambia, "Leo nimemkumbuka baba yako, hasa ile sauti yake akiitafuta spana," na machozi yakitoka yatoke.

Halafu lile ulilolitia mwisho wa barua ukaliita dogo. Mwanangu, hajasahau. Ningeweka rehani nyumba yangu kwamba hapitishi siku bila kuwaza zile dawa. Anajiambia: nilicheza mpira, baba akafa. Sasa zirudie njumu kwa jicho hilo. Mtazame anavyokaa kibandani bila kugusa spana, pale pale baba yake alipoanguka, kila siku mpaka magharibi. Wewe unaona uvivu. Mimi naona mtu anayejihukumu.

Usingoje alitaje. Litaje wewe: "Ile siku ya dawa, huwa unaiwaza?" Kisha nyamaza, umwache. Akimaliza, mwambie ukweli wote: kwamba baba yako alikuwa na presha mwaka wa sita, kwamba dawa alikuwa akiziruka yeye mwenyewe, mtu mzima, na kwamba presha huiumiza mishipa kwa miaka, polepole, kabla siku ya kiharusi haijafika. Mwambie pia baba alisema nini jioni ile: basi kesho. Hakukasirika. Hilo analihitaji kuliko mengine yote. Ila ukimwambia wewe atadhani unambembeleza, kwa hiyo mkifika hospitali mwombe daktari amweleze kiharusi ni nini, wakiwa wawili, wewe ukiwa nje.

Kuhusu kukaa naye: usimkalishe kitako kama kesi ya mjumbe. Vijana wa umri huu wanaongea mkiwa ubavu kwa ubavu. Mkiwa mnatembea, anapotia upepo tairi, umeme ukikatika mko gizani nje. Muulize moja, ujibiwe "sijui", uache, kesho tena.

Simu usimnyang'anye. Sauti ile ndiyo mkono wa baba yake aliobaki nao. Nenda naye kwa fundi simu, au kwa kijana yeyote anayeelewa mambo hayo, mzihamishe sauti zote kwenye kadi ya kumbukumbu na kwenye simu yako, ili hofu ya kuzipoteza imtoke. Nadhani nusu ya ukeshaji ule ni ulinzi. Kisha mwombe mzisikilize pamoja, mchana, wewe na yeye na mdogo wake. Ile ya mkate wa kumimina mtaicheka, na mtalia humo humo. Mkishafanya hivyo, ndipo mpatane simu ilale sebuleni saa nne usiku, kwa kuwa mtoto asiyelala hana akili ya shule wala ya majonzi.

Utakuta watu wanasambaziana kwenye simu "hatua tano za majonzi", kwanza kukataa, pili hasira, na kuendelea. Zilitajwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyekuwa akizungumza na wagonjwa wanaoelekea kufa wao wenyewe. Hakuwa anampangia ratiba mtoto wa fundi baiskeli. Mimi nimeona kweli zaidi katika walichoeleza Margaret Stroebe na Henk Schut mwaka 1999, kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii yuko msibani, saa ile yuko kwenye maisha, kisha tena msibani, na kwenda na kurudi huko ndiko kunakomponya. Akicheka leo na kesho akapiga ngumi mlango, usiseme alikuwa anajifanya. Na huyo wa miaka 8, ukimwona anamzika mwanasesere kisha anaomba ubuyu, mwache, ndivyo wanavyofanya. Mjibu tu anachouliza, na usimwambie baba "amelala".

Lakini aliyekwama ni kitu kingine. Mwanao haendi na kurudi. Amekaa upande mmoja miezi mitano. Hali, halali, shule imeporomoka, vitu avipendavyo anavigawa. Hiyo inaweza kuwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na sonona ni ugonjwa wenye matibabu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu Januari 2022 una hata jina la majonzi yasiyosogea, nao hulitaja baada ya miezi sita. Usiisubiri hiyo sita. Dalili za kutaka kufa hazina kalenda.

Hospitali ukifika, eleza mapokezi unataka huduma ya afya ya akili kwa kijana. Watamuuliza kuhusu usingizi, chakula, shule, mawazo ya kujidhuru. Watataka kuongea naye peke yake, na wewe ukubali. Mara nyingi kinachoanza ni mazungumzo, ya wiki kwa wiki. Dawa zikihitajika wataeleza, na uliza maswali yote bila aibu. Akikutana na mtu wa haraka haraka aliyemjibu vibaya, usirudi nyumbani moja kwa moja, omba mwingine.

Na Lutindi. Hospitali ile ipo milimani Korogwe tangu enzi za Wajerumani, imewarudishia watu wengi watoto wao, na sisi tumeigeuza tusi. Mwanao haelekei huko kulazwa kwa sababu ya kwenda kliniki mara moja. Watu wa mtaani wakiuliza, sema umempeleka kucheki usingizi. Si uongo.

Pangani. Akisomewa Qur'ani nyumbani, na yeye mwenyewe akaridhia, sina neno, inawatuliza wengi. Kupelekwa akanyweshwe vitu visivyojulikana, akafukizwa, akaambiwa ana jini, hapana. Ataambiwa tena kwamba tatizo ni yeye. Shangazi wa bangi mwambie ahsante, umemsikia.

Shule nenda mwenyewe kabla ya wiki kuisha, siyo kwa ujumbe wa simu. Mtafute mwalimu wa malezi na ushauri, mwambie wazi: baba amefariki Februari, mtoto yuko katika matibabu, tunaomba asichapwe kwa kuchelewa na kusinzia. Kiboko kwa mtoto asiyelala kwa ajili ya baba yake hakimfundishi saa. Upimaji wa mwisho wa mwaka ni jambo la pili. Akirudia kidato, atarudia akiwa hai na wewe, na miaka kumi baadaye hakuna atakayekumbuka.

Kibanda, kifunge siku za shule. Ukihitaji mapato yake, na najua unayahitaji, tafuta fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu akikodi kwa muda. Asiwe mtoto ndiye anayekulisheni. Afungue Jumamosi kama anapenda, na awe na mtu mzima karibu, siyo yeye na kigoda.

Njumu usizirudishe kwa nguvu. Mwambie tu huyo rafiki asizivae bado.

Na ile ringi yenye spoku mbili pungufu iacheni hapo hapo. Mtafute mwenye baiskeli, umweleze, umuulize kama anaweza kusubiri, na asipoweza mpe nyingine. Siku mwanao akiomba spana, na huenda isiwe mwezi huu, kaa naye kibandani umshikie taa.